Chupa ya Salma

Mate ya mdogo wangu Haruna na ya wifi yangu Salma niliyabeba mimi mwenyewe, kwenye pochi, kati ya kitambaa cha jasho na funguo za duka. Vichupa viwili vya plastiki, urefu wa kidole, vimeandikwa majina kwa wino mweusi. Nilitoka navyo Mtaa wa Sikukuu asubuhi, nikapita Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Upanga, na njia nzima pochi nimeibana kwapani. Kibaka angeipora siku ile angeambulia mate ya watu, na wallahi ningemkimbiza mpaka Jangwani.

Haruna na Salma walikuwa waoane baada ya Ramadhani. Nilitaka kujua, kabla hawajaoana, kama mtoto wao atakufa kama alivyokufa wangu.

Mimi naitwa Sitara. Nauza khanga Kariakoo, mwaka wa kumi na tano huu, na ukiuliza pale mtaani watakwambia Sitara mdomo wake hauna breki. Ni kweli. Mteja akinichezea nasema, jirani akinikwaza nasema, mgambo akinisogezea meza nasema mpaka anairudisha mwenyewe. Jambo moja tu nimelinyamazia maishani mwangu, na ndilo hili.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, imebanwa na maghorofa kushoto na kulia mpaka jua tunaliona saa sita tu. Babu yetu, Mzee Mwinyimvua, aliijenga ujanani, na wanunuzi wa viwanja walikuwa hawamwachi apumue. Alikuwa amewazika wanawe wote wawili: baba yangu mimi na Haruna, na kaka yake, baba mkubwa, aliyewazaa Kitwana na Salma. Babu akaona dawa ya nyumba isiuzwe ni moja, wajukuu waoane. Watu husema binamu nyama ya hamu, wakacheka. Babu alikuwa hacheki. Mimi nikaolewa na Kitwana, na msije mkamsingizia mzee wa watu kwamba alinilazimisha, maana Kitwana nilimpenda tangu enzi za kunibebea ndoo. Baada ya miaka zamu ikawa ya Haruna na Salma. Nao walipendana, tena sana. Haruna akipita uani, Salma anavuta mtandio kichwani huku anatabasamu ndani ya mtandio, na sisi wote tunajifanya hatuoni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemzaa Najma.

Najma alizaliwa akilia vizuri tu. Ila kunyonya kulimshinda. Anashika titi, anaacha, anashika, anaacha, maziwa yanamwagika kwenye khanga na mtoto ana njaa. Miezi sita shingo haijakaza. Mwaka mmoja miguu imekakamaa, degedege kila siku, na macho yakaacha kunifuata nikipita. Watu hawakukosa la kusema. Mara jicho, mara jini wa nyumba ya zamani, mara mdomo wangu umemrudia mtoto. Nilimbeba mgongoni kwenda kila tulikoelekezwa, mpaka tukafika kwa Dokta Nirali kule Upanga, mama wa Kihindi aliyekulia Kisutu na Kiswahili chake kama changu. Alimtoa Najma damu kidogo ikapelekwa maabara India. Najma akafa ana miaka mitatu na nusu. Mama yangu ndiye aliyemwosha, akasema hajawahi kuosha maiti nyepesi vile. Majibu ya India yalikuja tumeshasoma arobaini.

Dokta Nirali alituketisha, mimi na Kitwana, akatueleza taratibu.

"Ndani ya kila seli ya mwili kuna vifuko vidogo vya kusagia taka. Vinaitwa laisosomu. Havikai mahali pamoja, vinasafirishwa kufuata taka ziliko. Sasa seli za fahamu ni ndefu, nyingine inatoka mgongoni mpaka kidole cha mguu. Safari ni ndefu."

"Vinasafirishwa na nini?" Kitwana aliuliza.

"Chukulia ni mikokoteni. Lakini kifuko lazima kifungwe kwenye mkokoteni ndipo kiende. Kuna jeni moja kazi yake ni kutengeneza ile ndoano ya kufungia. Najma ndoano hakuwa nayo."

Nilielewa kuliko nilivyotaka kuelewa. Mimi ni mtu wa Kariakoo. Naijua siku ambayo wavuta mikokoteni hawakuja: mizigo imejaa stoo, mikokoteni imelala, na kule mwisho wa mtaa uchafu unawaozea watu mlangoni. Mwanangu alianza kufa kule mwisho wa mtaa, miguu kwanza, halafu mikono, halafu macho.

"Kosa la nani?" Kitwana akauliza tena.

"Si la mtu, baba Najma. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja mbovu haumwi wala hajui. Wakioana wawili wenye nakala mbovu ile ile, katika kila mimba nne, moja inaweza kuwa Najma. Ninyi mmeipata sehemu moja. Kwa babu yenu, au kwa bibi yenu."

Kitwana alirudi nyumbani akakaa uani akafua nguo zote za Najma, na zilikuwa safi.

Kabla hatujaondoka, daktari alichora ukoo wetu kwenye karatasi, wanaume vijumba, wanawake viduara. Kila mmoja aliniuliza alikuwaje utotoni, hasa kunyonya, maana ndipo ugonjwa huu unapoanzia. Akafika kwa Salma. "Na huyu? Alinyonya vizuri?"

"Huyu hakunyonya siku nyingi," nilimwambia. "Alikuwa na miezi mitatu mama yake akaugua homa ya matumbo, akalazwa wiki mbili, maziwa yakakauka. Salma ni mtoto wa chupa. Mimi ndiye niliyekuwa naichemsha hiyo chupa, nilikuwa na miaka kumi." Nikamweleza mpaka rangi ya kifuniko, cha bluu, kimetafunwa pembeni. Daktari akaandika. Sikuona ubaya wowote, nilijiona nina kumbukumbu nzuri.

Nyumbani tulimweleza Babu. Alisikiliza mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti. "Mtoto amekwenda kwa siku zake," akasema. "Damu yangu msiitangaze ubovu mitaani." Na harusi ya Haruna na Salma akaitaja hapo hapo, kwamba ni mfungo mosi, Ijumaa ya kwanza baada ya Idd, moyo wake unamsumbua na anataka kuiona.

Ndipo nikawaita wale wawili stoo kwangu, katikati ya marobota ya khanga, nikawaambia ukweli wote. Walinisikiliza kama watoto wa darasani. Salma alilia kwa ajili ya Najma, siyo kwa ajili yake. Kisha wakatema mate kwenye vichupa, wakipeana migongo kwa kuoneana haya, na mimi nikayabeba.

"Wiki sita," alisema Dokta Nirali.

Wiki sita zikaisha Ramadhani imeanza. Jamani, nani aliwahi kufunga mwezi mtukufu na moyo wa namna ile? Simu ikilia nairukia, kumbe kampuni ya simu inaniambia nimeshinda bando. Nampimia mteja doti ya khanga nampa tatu. Nilipiga simu Upanga mpaka mapokezi wakaijua pumzi yangu. Jibu ni lile lile: sampuli moja imebidi ipimwe upya, tuvute subira. Usiku nikilala namwona Najma anashika titi na kuacha, ila aliyembeba ni Salma.

Wiki ya nane nilimwita Haruna.

"Ahirisheni."

"Kwa sababu gani, dada? Tumwambie nini Babu? Kadi zimeshatoka, ukumbi umelipiwa."

"Kwa sababu majibu hayajaja!"

"Majibu yakija mabaya, tutaachana, nimekuahidi. Yakichelewa, tunaoana, tunamwachia Mungu." Akanishika bega. "Dada, si kila mtoto ni Najma."

Nilimpiga kofi. Mdogo wangu, mwanaume wa miaka ishirini na saba, nilimpiga kofi, naye akanitazama tu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitia wazimu zaidi.

Dokta Nirali alikuwa na njia yake. "Waoane, mama Najma. Wasizae mpaka karatasi ifike. Kinga zipo, ni suala la wiki chache." Neno la akili kabisa. Nikalipeleka kwa Salma kama lilivyo. Salma alicheka. "Wifi, nani anasubiri katika nyumba hii? Mwezi wa kwanza tu Babu ataanza kuuliza bi harusi anatapika saa ngapi. Mtoto akija ni riziki yangu." Alisema kwa mzaha. Sasa najua kuwa alisema kwa mzaha. Lakini mimi wakati ule mzaha nilikuwa siusikii tena, nilisikia kaburi likichimbwa.

Jumanne, siku tatu kabla ya ndoa, nilimkuta Mama uani anachagua mchele wa pilau. Ungo mapajani, gunia pembeni, mawe anayatupia kuku wa jirani. Nikakaa chini karibu naye.

"Mama. Kama ungekuwa umemnyonyesha Salma kipindi kile mama yake amelazwa, wangeoana hawa?"

"Wangekuwa ndugu wa kunyonya, haramu kuoana kama waliotoka tumbo moja. Unajua hivyo." Akaendelea kupepeta. "Ila sikumnyonyesha. Haruna mwenyewe nilikuwa nimeshamwachisha. Chupa ulichemsha wewe."

"Nani mwingine anajua?"

Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Mama yake amekufa," nikasema. "Baba yake amekufa. Kitwana alikuwa Tanga kwa mjomba wake. Babu mambo ya wanawake chumbani hayajui. Tumebaki wewe na mimi."

"Na Mungu je?"

"Mungu alimwona Najma," nikajibu.

Nimelirudia neno hilo hapa kama nilivyolisema. Natubu nalo kila siku. Mama hakunikemea, na afadhali angenikemea. Alichukua punje za mchele kiganjani akazitazama muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa sala tano na hofu ya kweli, hajawahi kumdanganya hata mtoto kwamba dawa si chungu. Nililia, nikamshika miguu, nikamwambia sitaweza kuona jeneza jingine la mkono mmoja likitoka kwenye mlango ule. Mama naye akaanza kulia. Akafuta machozi kwa ukingo wa khanga.

"Nitasema mara moja," akasema. "Nikishasema, Sitara, usije kwangu kuniambia nirudi nikaseme nilidanganya. Majibu yaje mazuri, yaje mabaya, usije. Mzee mzima siwezi kuwa mwongo mara mbili. Niapie."

Nikamwapia.

Kesho yake baada ya alasiri tulikaa ukumbini. Babu kwenye kiti chake, imamu wa msikiti wetu kwenye mkeka, Haruna amechuchumaa karibu na mlango, Salma nyuma ya pazia la chumba pamoja na mimi. Mama alisimama, akasema Salma amenyonya kwake. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza imamu.

"Miezi mitatu."

"Alinyonya mara ngapi? Sharti ni mara tano, kushiba."

"Wiki mbili, sheikh. Mchana na usiku."

Babu aliinua uso. "Mke wa mwanangu, mbona umelikalia neno hili miaka ishirini na sita?"

"Niliona haya, baba. Nilidhani wataachana wenyewe."

Imamu alichezea tasbihi. Kisha akasema kwamba shahidi ni mmoja, na kwa ndoa iliyokwisha kufungwa asingethubutu kuivunja kwa kauli hiyo peke yake. "Lakini hii haijafungwa. Penye shaka ya kunyonya, mimi sifungi. Na shaka ya namna hii ikishaingia haitoki, hata aliyeileta akirudi kesho akaikana."

Hilo la mwisho sikulijua. Nilikuwa nimedhani, mjinga mimi, kwamba kama mambo yangekuwa mengine pangekuwa na mlango wa nyuma.

Haruna alitoa kicheko kimoja kifupi, akainuka, akavaa viatu, akatoka. Salma hakulia. Alikaa kitandani akaanza kuvua bangili moja moja, zile alizokuwa amezijaribu kwa ajili ya Ijumaa, akazipanga juu ya shuka kwa ukubwa wake. Nilimshika mkono akaniachia nimshike. "Pole, wifi," akaniambia. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi, eti nilikuwa nimehangaika sana na harusi yake.

Baada ya siku kumi na mbili simu ya Dokta Nirali ikaja. Haruna, aliyekuwa amekwisha kupanga chumba Buguruni, alinijibu neno moja: "Ya nini?" Lakini Salma alijifunga baibui. "Twende, wifi. Mate ni yangu."

Tulikaa kwenye viti vile vile nilivyokaa na Kitwana. Daktari alifungua faili, akavaa miwani.

"Haruna anayo nakala moja mbovu. Haumwi, hataumwa. Wewe Salma," akatabasamu, "wewe zako zote mbili ni nzima. Hongera. Mkioana, hakuna mtoto wenu atakayeugua ugonjwa wa Najma. Hakuna hata mmoja."

Nje honi zilikuwa zinapigwa. Salma alikuwa anatazama karatasi.

"Basi yalikuwa maziwa tu," akasema.

"Maziwa gani?"

Salma akamweleza. Alieleza vizuri, bila lawama: kwamba ndoa imekufa, kwamba wamegundulika ni ndugu, kwamba mama yangu alimnyonyesha wiki mbili alipokuwa mchanga. Wakati anaeleza, mkono wa Dokta Nirali ulifunua kurasa za faili kurudi nyuma, taratibu, mpaka kwenye ile karatasi ya vijumba na viduara. Niliuona ukurasa. Niliyaona maandishi yake pembeni ya kiduara cha Salma, mistari miwili. Akayasoma. Akaniangalia juu ya miwani.

Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya Najma. Nilikuwa nasubiri mdomo wake ufunguke, na Mungu anisamehe, kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inamwomba aufungue, aseme yeye, anitue. Nikatikisa kichwa kidogo. Sijui kama nilikuwa namwambia asiseme au nilikuwa nashindwa kukizuia kichwa changu.

Daktari akafunga faili. "Haya ni mambo ya familia," akasema. "Mama Najma, ukitaka kuzungumza na mimi, siku yoyote, njoo." Sikwenda.

Tulirudi kwa miguu. Pale Mnazi Mmoja palikuwa na mkutano wa watu fulani, spika zinanguruma, tukapita pembeni. Salma alinunua machungwa mawili yaliyomenywa, akanipa langu. Alikula lake lote ndipo akazungumza.

"Unajua, wifi, nimefurahi. Ingekuwa damu, ningeichukia damu yangu mpaka kufa. Lakini maziwa ya Mama..." Alikuwa amezoea kumwita mama mdogo. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita Mama. "Mtu aliacha mwanawe akanishibisha mimi. Nitayachukiaje hayo?"

Chungwa lilikuwa mkononi mwangu. Nilifungua mdomo. Niliona uso wake, na nyuma ya uso wake nikamwona Mama amesimama ukumbini mbele ya Babu, shahidi wa uongo, na watu wa mtaa wakigeuza nyuso akipita kwenda msikitini. Nikakumbuka nilichomwapia. Magari yalikuwa yamesimama kwenye taa.

"Tuvuke," nikasema.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Babu hakuchukua hata mwaka. Kitwana hajui kitu, na tumekubaliana hatuzai. Analea njiwa uani. Mama alifunga kila Jumatatu na Alhamisi tangu siku ile mpaka mwisho, hakuniambia kwa nini wala mimi sikumwuliza, na hatukuligusa tena lile neno hata tulipobaki wawili jikoni. Tulimzika mwaka jana. Salma aliingia kumwosha pamoja nami. Wanawake walipomwambia apumzike, wapo wa damu, alisema, "Huyu ni mama yangu, nimenyonya kwake," na akammiminia maji kwa mkono wake.

Sasa Mama hayupo wa kuaibika, na kiapo nilimwapia yeye. Kinachonifunga mdomo ni nini? Najiambia imamu alisema shaka haitoki, kwamba nikisema sasa nitawavunja tu bila kuwajenga. Huenda ni kweli. Lakini nikiwa mkweli na nafsi yangu, namwogopa Salma. Naogopa siku atakayoacha kuniita wifi.

Idd ya mwaka huu alikuja mapema nimsuke. Hajaolewa. Posa zimekuja mbili, zote amezirudisha kwa heshima. Alikaa chini kati ya magoti yangu ukumbini, kichwa wazi, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, mtandio wake ameutupa begani kwangu. Tulikuwa tunamsema jirani, tunacheka. Mlangoni pakabishwa hodi, na kabla sijaitika Haruna akasukuma mlango. Huwa haji pale ila kwenye misiba.

Mkono wa Salma uliruka juu kuufuata mtandio, kama ulivyozoea kuruka tangu ana miaka kumi na tatu. Ukaufikia begani kwangu, ukaushika. Ukasimama hapo. Kisha nikauona ukiuachia, ukirudi chini taratibu mpaka mapajani.

"Pita, kaka," akasema. "Ni mimi tu."

Haruna alikuwa ameshika kitasa. Alimtazama mara moja, nywele zote zile, kisha akageuza uso akaitazama kalenda ukutani, kalenda ya mwaka juzi.

"Nimeleta tende," akaiambia kalenda. Akaweka mfuko kizingitini, akarudishia mlango. Tulisikia viatu vyake mpaka barabarani.

"Siku hizi kaka Haruna ana haraka," alisema Salma.

Nikafungua mdomo. Kitana kilikuwa mkononi, na kichwa cha Salma kilikuwa cha moto kwenye goti langu, kama cha mtoto.

"Inamisha kichwa," nikamwambia, nikaendelea kusuka.